Haja ya Sauti ya Pili

Aghalabu mtu aliyeusikia utungo fulani mara nyingi katika santuri moja, kwa mikono ya wapigaji wale wale, hata akajua ni wapi fidla itapumua na ni wapi itaharakisha, huamini kwamba ameujua utungo wenyewe. Walakini alichokijua ni siku moja tu ya utungo huo, ndani ya chumba kimoja, kwa watu wachache waliokuwa na afya, hamu na haraka zao za siku ile, na lau angaliletewa santuri ya pili, ya wapigaji wengine, angalitambua kwa mshangao kwamba nusu ya yale aliyoyadhani kuwa ya mtunzi yalikuwa ya wapigaji. Nayasema haya nikiwa Nyacheki, katika vilima vya Bobasi, kaunti ya Kisii, ambako mvua ya alasiri haiipi kisogo migomba wala majani chai kwa muda mrefu, na ambako simu ya mkononi na spika ndogo huleta chumbani muziki ambao zamani ulihitaji gramafoni, fedha na safari ya mjini. Utungo niuzungumziao ni konseto ya fidla mbili ya Johann Sebastian Bach, ambayo wataalamu wengi wa leo waona iliandikwa Leipzig karibu na mwaka 1730, na ambayo katika orodha ya kazi zake imepewa namba 1043.

Nimeichagua hii badala ya zile konseto nne za majira ya mwaka alizozichapisha Antonio Vivaldi kule Amsterdam mwaka 1725, ambazo leo husikika hata ndani ya lifti za hoteli, kwa kuwa katika utungo wa Vivaldi fidla moja husimama mbele na nyingine zote huifuata, ilhali katika huu wa Bach fidla mbili zimepewa daraja moja, hakuna bwana wala mtumishi kati yao, na kila mmoja wa wapigaji hulazimika kusema neno ambalo mwenziwe amekwisha kulisema au yu karibu kulisema. Sehemu ya katikati, ile ya polepole, huanzwa na fidla ya pili. Lahani yake hushuka ngazi kwa ngazi bila pupa, na kabla haijafika inakokwenda, fidla ya kwanza huipokea lahani ile ile ikianzia juu zaidi. Tangu hapo hazitengani tena, bali moja hushikilia sauti ndefu wakati nyingine ikitembea, kisha hubadilishana zamu, na chini yao zile nyuzi nyingine huenda kwa mwendo wa kutikisika taratibu ambao hausimami hata mwisho.

Hati za sauti zile mbili, zilizoandikwa kwa mkono wa Bach mwenyewe, zingaliko katika maktaba ya chuo kikuu cha Kraków, nchini Poland. Na mtu akizitazama ataona kwamba juu ya mwendo mtunzi aliagiza maneno machache tu, kwamba uwe wa polepole lakini si mno. Hakuna kipimo, wala kisingeweza kuwapo, maana kipima-mwendo cha Maelzel kilisajiliwa mwaka 1815, na Bach alikuwa amekwisha kufa tangu 1750. Basi kila afunguaye karatasi ile sharti ajiamulie mwenyewe "si mno" ni kiasi gani, na katika uamuzi huo ndimo tofauti zote zinamozaliwa.

Ya kwanza kwa umri, katika zile nizisikilizazo, ni santuri iliyonaswa Vienna mwishoni mwa miaka ya 1920 na Arnold Rosé pamoja na bintiye Alma. Arnold alikuwa mzaliwa wa mwaka 1863, na tangu 1881 alikuwa kiongozi wa fidla katika opera ya mji ule. Alikuwa shemeji yake Gustav Mahler. Vidole vyake vilijifunza kazi wakati ambapo Brahms alikuwa hai akitembea katika mitaa ile ile. Santuri ni kuukuu, ina mchakacho usiokwisha, na nyuzi za chini zasikika kana kwamba zimefunikwa blanketi; walakini sauti za baba na binti hutoka wazi. Wao huteleza kutoka sauti moja hadi nyingine, kidole kikiburuzwa juu ya uzi badala ya kuinuliwa na kuwekwa, jambo ambalo katika vizazi vilivyofuata lilihesabiwa kuwa ushamba. Lakini kutetemesha sauti, ambako leo kila mwanafunzi wa fidla hufundishwa akiwa bado mtoto, wao hukutumia kwa uchache mno, hivi kwamba sauti ndefu hukaa imenyooka na kavu, na utamu wake hutokana na upinde peke yake. Nilipoligundua hili nilistaajabu, kwa maana nilikuwa nimesoma kwamba sauti iliyonyooka namna ile ni marejeo ya wasomi wa miaka ya karibuni, waliochimbua vitabu vya kale ili kuirudisha; kumbe mzee wa Vienna alikuwa nayo bila kuichimbua, kwa urithi mtupu, na lau tusingekuwa na santuri yake tungeamini kwamba ilikatika kabisa kwa miaka 200.

Lipo jambo jingine katika santuri ile ambalo siwezi kulinyamazia. Alma Rosé alipelekwa Auschwitz mwaka 1943, akafanywa kiongozi wa okestra ya wanawake wafungwa, akafa humo mwezi wa Aprili 1944; babaye alikuwa amekimbilia London, akafariki huko miaka miwili baadaye. Msikilizaji aijuaye habari hii ni vigumu asiitie huzuni ile katika kila uzi, na huenda akasifu kwa machozi kile ambacho asingekisifu kwa masikio. Mimi naona kwamba kumtendea haki Alma ni kumsikiliza kama alivyokuwa siku ile ya kunaswa sauti, binti kijana aliyeketi karibu na baba yake na kufanya kazi ngumu kwa ustadi, asiyejua lolote kuhusu kambi. Na ustadi wake wajitosheleza wenyewe.

Santuri za zama zile zilikuwa na amri yao. Uso mmoja wa sahani kubwa haukuchukua zaidi ya dakika nne na nusu au hivi, na sehemu ya polepole ya konseto hii haitoshei humo; basi ilikuwa lazima kukata, kugeuza sahani, kuweka sindano upya na kuendelea. Watu wa pwani yetu waijua amri hiyo vilevile, kwani ni mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walipovuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay kutia sauti katika santuri za His Master's Voice, na taarabu iliyozoea kuendelea hadi usiku wa manane ikatakiwa ijikunje katika dakika chache. Tulirithi sauti ya Siti, na neema hiyo haina kifani. Lakini urefu wa nyimbo zake, kama alivyoziimba barazani mbele ya watu waliokuwa wakimtunza, hatukuurithi.

Mwaka 1932, mjini Paris, Yehudi Menuhin aliyekuwa na umri wa miaka 16 alipiga konseto hii pamoja na mwalimu wake George Enescu, huku Pierre Monteux akiongoza okestra. Hii ndiyo niipendayo kupita zote, nami sitoi udhuru kwa mapenzi yangu. Si safi kama zilizokuja baadaye, na mtu mwenye sikio kali atapata mahali pa kukunja uso; lakini wapigaji wale wawili wamekubaliana juu ya kila pumzi bila ya mmoja kufanana na mwenziwe, mmoja sauti yake imejaa na ina haraka ya ujana, wa pili sauti yake imekauka kidogo, yasita, yafikiri; na pale ambapo lahani hutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, husikii nakala, wasikia neno lile lile likisemwa na umri mwingine.

Kinyume cha hiyo ni santuri ya Jascha Heifetz ya mwaka 1946, iliyonaswa Marekani. Heifetz, ambaye pengine hakuna mpiga fidla aliyempita kwa usahihi wa vidole katika karne nzima, alipiga sauti zote mbili peke yake: alinasa moja, kisha akaisikiliza masikioni mwake huku akiipiga nyingine juu yake. Hakuna kosa ndani yake, wala hakuna hatari, maana yule ajibiwaye amekwisha kujua jawabu. Washairi wetu wangalilielewa hili upesi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, alipolumbana na Zahidi Mngumi wa Lamu siku zile ambapo miji miwili ile ilikuwa na uadui, hakukosa ufundi wa kutunga beti za pande zote mbili, kwa kuwa kalamu yake ilikuwa hodari kwa hayo na zaidi. Bali malumbano hayawi malumbano mpaka beti za upande wa pili zitoke kwa mtu usiyeweza kumwamuru, aliyekaa ng'ambo ya maji na kukupania. Heifetz alijikosesha adui na rafiki kwa pamoja.

Juu ya ile ya David Oistrakh na mwanawe Igor, iliyonaswa mwaka 1961 chini ya Eugene Goossens, sina haja ya kusema mengi: sauti ni pana, nyuzi zimekazwa, mwendo una heshima ya watu wazima, na kwa miaka mingi wasikilizaji wengi ulimwenguni wameifanya kuwa mizani ya kupimia nyingine. Miaka ya 1990 Andrew Manze na Rachel Podger, pamoja na kundi dogo la Academy of Ancient Music, wakaja na njia nyingine kabisa: nyuzi za matumbo ya kondoo, pinde za umbo la kale, kutetemesha kwa kiasi, na sehemu ya polepole ikatembea kwa wepesi, hata ikakaribia kucheza.

Nilizicheza hizi mbili, moja baada ya nyingine, mbele ya mzee mmoja jirani yangu, aliyekuwa mpiga obokano ujanani mwake na ambaye hakupata kusikia jina la Bach. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mkono wa kulia ukiwa juu ya goti.

"Tata," nikamwuliza, "hawa wa pili umewaonaje?"

"Wamelegeza nyuzi," akasema.

Nikamwambia ndivyo hasa, kwamba wamezishusha kwa makusudi.

"Wa kwanza walizikaza kwa ajili ya watu walioketi mbali," akaendelea. "Hawa wamemlegezea mwimbaji. Mwimbaji yuko wapi?"

"Hakuna mwimbaji, Tata. Ni fidla tupu."

"Basi wamemlegezea nani?"

Hili ni swali ambalo vitabu vizima vimeandikwa kulijibu. Sauti ya kutunia ambayo okestra nyingi za leo huifuata, yenye mitetemo 440 kwa nukta, ilipendekezwa katika mkutano uliofanyika London mwaka 1939. Siku za Bach kila mji wa Ulaya ulikuwa na kipimo chake, na katika mji mmoja kinanda cha kanisa kingeweza kutofautiana na ala za ikulu, hata mpigaji aliyehama kwa kazi alilazimika kujifunza upya masikioni mwake. Warejeshaji wa mambo ya kale, kwa kutaka umoja, wamekubaliana juu ya 415, ambayo ni takriban nusu hatua chini. Nayo pia ni mapatano ya watu wa leo, si wahyi ulioshuka kutoka Leipzig. Kwa mpiga obokano habari hii haina ajabu yoyote. Yeye hukaza au kulegeza kwa kufuata koo la siku ile, na koo likiwa limechoka kwa baridi au kwa kuimba usiku kucha, nyuzi nazo hushuka pamoja nalo, na wimbo hubaki kuwa ule ule.

Kwa asiyeijua, obokano ni kinubi kikubwa cha Abagusii: bakuli la mti lililovikwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili iliyopandishwa kutoka humo, mti mwingine uliolazwa juu ya mikono hiyo, na nyuzi nane zilizofungwa juu na kushuka hadi kwenye ngozi, ambazo zamani zilikuwa za kano na sasa aghalabu ni za nailoni. Nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi nane vilevile, lakini obokano ni kubwa zaidi na sauti yake ni nzito, ina mvumo ambao mtu aliyeketi karibu huusikia kifuani kabla ya kuusikia masikioni. Makanisa yaliyoingia Gusii mwanzoni mwa karne ya 20 yaliihusisha ala hii na vyungu vya pombe vilivyozungukwa na wazee, na waumini wengi wakaiacha. Kwa hiyo ipo nyumba ambamo babu alikuwa bingwa na mjukuu hajapata kuigusa. Hata hivyo haikufa. Grandmaster Masese, mshairi na mpigaji, ameipandisha katika majukwaa ya mjini, na redio zisemazo Ekegusii, tangu zile saa za Sauti ya Kenya kutoka Kisumu hadi Egesa FM na Minto FM za leo, zimeitia katika masikio ya watu ambao hawangeifuata kilabuni.

Lakini hapa ndipo penye shaka yangu. Konseto ya Bach ina rekodi nyingi mno, hata mtu hawezi kuzisikiliza zote akabaki na siku za kufanya kazi nyingine. Nyimbo za obokano, zile zilizobahatika, aghalabu kila mmoja una rekodi moja. Na rekodi ikiwa moja huketi juu ya kiti cha hakimu. Nimemsikia kijana katika soko letu, mwenye mkono mzuri na sauti nzuri, akipiga wimbo wa arusi ambao wazee huuendeleza kwa kadiri ya watu waliopo, wakitaja ukoo wa bwana arusi, wakitaja mlima wa kwao bibi arusi, wakimsifu mwenye mji na kumchokoza kidogo mshenga; naye kijana akaukatiza wimbo ghafla, katikati ya usemi, mahali pale pale ambapo rekodi ichezwayo redioni hukatizwa ili tangazo la biashara liingie. Alikuwa amejifunza kwa uaminifu kamili. Mkato wa fundi mitambo umekuwa kwake sehemu ya wimbo, na hakuna rekodi ya pili ya kumwambia kwamba sivyo.

Jirani zetu Wakipsigi wanao ushahidi wa jambo hili ulio bora kuliko wetu. Ukishika barabara ya Keroka na kupita Sotik utafika Kapkatet, na huko, mwaka 1950, Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyezunguka Afrika akinasa sauti na ambaye mwaka 1954 aliasisi maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini, alinasa nyimbo tatu zenye jina moja la Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia Wakipsigi na ambaye kwao alikuwa kiumbe cha ajabu, nusu mtu na nusu paa. Mbili katika zile tatu ziliimbwa na wanaume. Ya tatu iliimbwa na wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, na hiyo ya tatu ndiyo iliyozunguka dunia, ikasifiwa, ikaigwa, ikaandikiwa makala, hata zaidi ya miaka 60 baadaye nakala zake zikarudishwa Kapkatet kwa watu wa pale. Mtu aliyeisikia ya tatu peke yake hudhani kwamba Chemirocha ni wimbo wa wasichana, mwepesi na wa kuchekesha kwa upole. Zicheze zile mbili za wanaume, naye atajua kwamba jina lile lilikuwa mali ya kijiji kizima, na kila kundi lilikuwa na namna yake ya kumkaribisha mgeni yule wa ndani ya sanduku. Kwa bahati, Tracey hakuridhika na moja.

Hivyo basi, watu wa vyuo na wa studio wanaokuja Gusii na vyombo vyao, nao wakaribishwa kwa taadhima, ninawaomba wasiwe na haraka ya kukusanya nyimbo nyingi tofauti, kila mmoja mara moja, kama wajazao ghala kabla ya njaa. Wachukue wimbo mmoja wa arusi. Waunase kwa mzee wa Bobasi, waunase kwa mwingine wa Bomachoge, kisha kwa wa tatu kutoka Mugirango Kaskazini upande wa Nyamira, ambako hata matamshi yatageuka kidogo. Na kisha waurudie kwa kijana wa sokoni niliyemtaja. Kila mmoja atune kwa koo lake, wala asilazimishwe kufuata kipimo cha mwenziwe. Wimbo ukipita nusu saa, uachwe upite, kwa kuwa mashine za leo hazina uso wa kugeuza. Yaandikwe majina ya wapigaji, ukoo, mahali, siku, na jina la yule ambaye wimbo uliimbwa kwa ajili yake, maana bila hilo la mwisho nusu ya maneno hayataeleweka. Na rekodi zote nne zipelekwe redioni kwa pamoja, zichezwe jioni moja, moja baada ya nyingine, bila tangazo kuingia katikati.